Jani Tupu la Mkufu wa Bibi

Enzi zetu kule Haneti, jiwe la kijani lilikuwa la kuchezea mdako, hakuna aliyefikiria kuliuza. Tulichimba kishimo, tukakijaza vijiwe. Unarusha kimoja juu, unazoa vingine, unakidaka kabla hakijagusa chini. Madalali walianza kuja miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wakakuta watoto tunarusha mali hewani, wakashika vichwa.

Jiwe langu lilikuwa laini, limekaa kiganjani kama tonge la ugali. Kwa jiwe lile niliwashinda wasichana wote wa darasa letu, na maringo yangu yalijulikana hadi kisimani.

Bibi alikuwa na mkufu wa fedha wa majani matano, kila jani na jiwe la kijani katikati. Dada yangu Yustina alikuwa auvae siku ya ndoa yake. Wiki moja kabla, jiwe la jani la kati likadondoka, likapotea. Sonara wa mjini akasema tumpelekee jingine, atalichonga. Bibi akatuita watoto wote uani.

"Mwageni vijiwe vyenu hapa! Mjukuu wangu aingie kanisani na jani tupu? Labda niwe nimekufa!"

Wenzangu wakamwaga. Vyao vyote vilikuwa na nyufa. Langu nilikuwa nimelitia shavuni.

Siku ya harusi nyumba ilifurika wageni na gauni langu halikuwa na mfuko, kwa hiyo jiwe likarudi shavuni. Vigelegele vikapigwa, mimi kimya. Tukapigwa picha.

Mwaka jana binti yake Yustina alikuwa anaolewa, picha ile ikatolewa kabatini. Vijana wakaweka simu chini dakika mbili nzima, maajabu.

"Mama mdogo, hapa ulikuwa unaumwa jino?" akaniuliza bibi harusi mtarajiwa.

Dada alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Jino gani? Hilo ni jiwe la mkufu wangu."

Kumbe alijua! Siku hizi mtu akikosewa asubuhi, mchana grupu zima la familia lina habari. Yustina alikwenda madhabahuni na jani tupu shingoni, akaninyamazia miaka yote ile. Niliona aibu, na machozi yakanitoka mbele ya watoto. Nikalitoa jiwe kwenye pochi, maana sikuwahi kuachana nalo, nikaliweka kwenye ungo wake.

Akalifuta vumbi la mchele, akalirusha juu, akalidaka.

"Ndiyo maana ulikuwa unashinda," akasema.