Shimo Alilolichimba Baba

Sisi tuliokulia kwenye majaruba ya mpunga ya Rujewa hatujui kuyaacha maji yaende zake. Kule maji hugombaniwa. Nakumbuka baba akitoka alfajiri na jembe begani kwenda kulinda zamu yake kwenye mfereji, na sisi watoto tukimfuata kwenda kukanyaga tope la jaruba mpaka chini kukaze, maji yasinywee. Tulikanyaga huku tukiimba na kurushiana matope, mama akitufokea kutoka kwenye tuta kwamba nguo hizo atazifua nani. Jamani, ile ilikuwa raha, na wala sikujua.

Mama alipofariki nilimchukua baba nikamleta kwangu Iringa mjini. Wazazi wangu walihamia huko Rujewa, bonde la Usangu, na ng'ombe wao kutoka Usukumani, ndugu wengi wakabaki huko kaskazini, hivyo wa karibu nilikuwa mimi tu. Sikutaka azeeke peke yake kwenye nyumba ile. Nilimpa chumba chenye jua, nikamnunulia redio. Redio hakuiwasha. Kila asubuhi alikaa barazani na kuniuliza, "Leo kuna kazi gani, mayu?" Ndivyo alivyoniita siku zote, mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Kazi haikuwapo, nami niliishi na hofu kwamba siku moja ataomba kurudi.

Kazi ikaletwa na mvua. Nyumba yangu iko mteremkoni, na maji yote ya bati yalikuwa yakimwagika nyuma ya jiko, plasta imeanza kubanduka. Nikamwambia baba tuchimbe shimo bustanini, tulijaze mawe na vipande vya tofali, juu tufunike kwa magunia na udongo, halafu bomba la maji ya bati tulielekeze humo. Uso wake ulichangamka mpaka nikataka kulia.

"Shimo la maji? Hilo niachie mimi."

Nilirudi kutoka kazini jioni nikakuta limekwisha. Mzee ana tope hadi magotini, anajisifu, anataka chakula. Usiku ule alikula ugali na maziwa mgando kama zamani, nikajisemea, huyu sasa atakaa.

Kesho yake mvua ikashuka kwelikweli. Shimo likajaa, likafurika, maji yakaingia jikoni na kubeba sufuria zangu. Mimi hasira zangu ziko puani, sina haja ya kuficha.

"Baba! Mbona shimo halinywi maji?"

"Litanywaje?" alinijibu kwa fahari. "Kabla ya kuweka mawe nimechota udongo wa kichuguu pale kwenye kiwanja cha jirani, nikaumwagia maji, nikaukanyaga chini na pembeni. Hilo halivuji hata tone."

"Baba wewe! Tunataka livuje!"

"Ebo! Mtu achimbe shimo ili maji yapotee?"

Tulitazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, nikacheka mpaka nikakaa kwenye ndoo, naye akafuata, mabega yanamtetemeka. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka hivyo tangu msiba.

Mvua ilipokatika tukatoa mawe yote. Nilivua viatu nikaingia shimoni pamoja naye, tope likapenya vidoleni, nikajiona mtoto tena. Yeye alishika sururu kuvunja ile sakafu aliyoikaza kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa akipiga mara moja, anasimama, anaitazama. Nilijua inamuuma, nikajifanya sioni.

Mvua iliyofuata, maji yalishuka kwenye bomba, yakaingia, yakatokomea. Ukuta ukabaki mkavu. Nilipiga makofi. Baba alikuwa amesimama upenuni, hachangamki.

"Limeyanywa yote," alisema. "Na hakuna hata mmoja aliyekuja kuyagombania."

Asubuhi yake hakuuliza kuna kazi gani. Aliniambia anataka kwenda nyumbani.

"Nyumbani ni hapa, baba. Kule utapikiwa na nani?"

"Watoto wa jirani watanipikia. Kule nikichelewa mferejini nitatukanwa, mayu. Hapa hata wa kunitukana sina."

Nilimbembeleza. Nilimwambia nitamtafutia shamba Igowole alime viazi, akatabasamu kama mtu anayeonyeshwa picha ya nchi asiyoitaka. Nilimwambia nampenda, maneno ambayo kwetu hatuambiani. Mwisho nikamwomba kitu kidogo tu: asubiri mvua ziishe, kisha nitampeleka mwenyewe.

Alinitazama kwa huruma.

"Mvua zikiisha, mayu, nitakuwa naenda kufanya nini?"

Nikaingia chumbani kwake nikaanza kumkunjia nguo, nalia bila kujificha, na kule uani nikamsikia anaosha jembe.