Pini Iliyomuuma Triza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, soko la Jericho, Nairobi, bado linapiga miayo. Triza Khavere, Mama Job kwa majirani zake sokoni, anafunua cherehani yake, anapangusa vumbi, kisha anachomoa pini kwenye kola ya gauni lake na kujidunga ncha ya kidole cha mkono wa kulia.

"Uwii!" anasema, na kucheka.

Hapo ndipo anapoketi kuanza kazi.

Mpita njia angedhani ni wazimu. Kwa fundi huyu wa miaka arobaini na sita, anayeshona sare za shule na kanzu za kanisa, hiyo ndiyo sala ya asubuhi. "Wenzangu humwomba Mungu awaondolee maumivu," anasema. "Mimi nilimwomba anirudishie."

Februari mwaka jana aliamka mkono wake wa kulia umekufa ganzi. Ulishika, lakini haukujua umeshika nini. Na fundi huona kwa vidole: ndivyo vinavyojua kitambaa kimejikunja chini ya sindano kabla jicho halijang'amua. Mashati sita kwa siku yakawa mawili, na hayo mawili mara nyingi yalikuwa ya kufumuliwa. Hospitalini aliambiwa mshipa wa fahamu umeumia. Huenda ukapona, huenda usipone. Akapewa zoezi la kuchambua maharagwe kila siku akiwa amefumba macho.

Jumapili moja aliombewa kanisani kwao, Mathare. Huko wana desturi yao: aliyeombewa hushuhudia papo hapo. Ngoma zikanyamaza, watu wote wakamkodolea macho.

"Nilishikwa na haya," anakumbuka. "Nikasema, 'Bwana asifiwe, nimepona!' Vigelegele vikapaa. Na mimi hata ile maikrofoni niliyoshika sikuisikia mkononi."

Tangu siku hiyo waumini wakawa wanamletea wagonjwa awaguse kwa mkono "uliopona". Mama mmoja alimpa mtoto mchanga. Triza alimpokea na kumbana kifuani, maana hakujua kama amemshika sawasawa au anamponyoka.

"Nilimuuliza Mungu: kama upo, mbona unaniacha niwe mwongo wako? Nikaanza kuomba kwa mdomo tu."

Aliyegundua siri hiyo ni Jawahir, mamake Iqra, anayeuza vitambaa kibanda cha pili. Siku moja Triza alikuwa akimweleza habari za vifungo, kiganja chake kimelalia pasi ya makaa.

"Mama Job! Mkono unaungua na wewe unapiga stori!" Jawahir alimvuta, akautumbukiza mkono kwenye beseni la maji. "Si ulisema kanisani umepona?"

"Nilisema."

"Ni wewe ulisema, ama ni Mungu alisema?"

Triza akainama, machozi yakamtoka.

"Mwambie ukweli basi. Mungu si kastoma, eti utamdanganya shati itakuwa tayari kesho."

Triza akajikuta anacheka na machozi yake.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, mkono umefungwa bendeji. "Sijapona," akasema. "Niliwadanganya. Na sijui kama nitapona."

Hakukuwa na kigelegele hata kimoja. Kisha Mchungaji Javan akashuka madhabahuni. "Mama, na sisi tulikukosea," akamwambia. "Tulimpa Mungu dakika tano."

Wakamwombea upya. Safari hii hakuna aliyempa maikrofoni.

"Mkono ulitoka vilevile," anasema Triza, "lakini mimi nilitoka mwepesi. Siku hiyo ndiyo nilianza kumwamini kweli, kwa sababu sikuwa namfichia kitu."

Aliendelea na maharagwe, akaendelea na maombi. Jawahir alimtungia uzi kwenye sindano kila asubuhi.

Ilipita miezi saba. Asubuhi moja mwezi uliopita, akibandika kola, kitu kilimchoma kidole cha mkono wa kulia. Alidhani ni siafu. Kuangalia, tone la damu limeng'aa kwenye shati jeupe. Akapiga yowe, Jawahir akaja mbio na jagi la maji.

"Umeungua tena?"

"Naumwa, Mama Iqra! Pini imeniuma!"

Jawahir akaweka jagi chini. "Alhamdulillahi," akasema taratibu. Kisha akamtazama juu hadi chini. "Lakini hii Jericho yote, ni wewe tu unaweza kudungwa na pini ukafanya harusi."

Sasa Triza hushona mashati manne kwa siku. Daktari amemwambia mshipa unaamka. "Nilimshukuru," anasema, "na nikamshukuru aliyeuamsha." Mteja alishonewa shati jingine, lile lenye tone la damu limetundikwa nyuma ya cherehani, na haliuzwi.

Jumapili hii atasimama tena kushuhudia, kwa hiari yake. Ameshapanga maneno, mafupi tu, maana kidole gumba bado kimelala.

"Nitasema vidole vinne," anasema, akirudisha pini kwenye kola. "Cha tano nitakishuhudia siku kitakapouma."