Mume Wangu Alilewa Juisi ya Zabibu

Jamani, mume wangu alikuwa analewa juisi.

Si mvinyo. Juisi ya zabibu. Chupa niliijaza mwenyewe kwa siri, nimuachishe pombe.

Germano anakunywa, anainuka, anayumba ukuta hadi ukuta. Ulimi mzito, supu inampalia, anasema ananiona wawili.

"Basi una bahati, umepata wake wawili bila kulipa padri," nikamjibu.

Sasa mwaka ule kura ya Sikukuu ya Roho Mtakatifu ikamwangukia yeye. Abebe taji la sikukuu mbele ya kijiji kizima! Huku kisiwani kwetu Flores hiyo ni heshima ambayo mwanaume anaingoja maisha yake yote.

Jirani yetu Etelvina akapaza sauti palepale kanisani. "Mlevi abebe taji? Ataliangusha baharini!"

Wanaume wakaanza kunong'ona kwamba apewe mwingine.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamwekea Germano chupa mbele.

"We mwanaume, hii ni juisi!"

"Najua. Tangu siku ya kwanza. Tamu mno."

"Sasa unayumba nini?"

Akasukuma chupa kando. Kisha akasema, "Baba alianza hivihivi."

Baba mkwe alikufa kitandani, hawezi kusimama wala kutamka jina lake.

"Bora binti yetu Filomena aitwe mtoto wa mlevi," akasema. "Wakijua ugonjwa uko kwenye damu, nani atamwoa?"

Nililia, nikamtukana, nikamkumbatia. Kwa mpangilio huohuo.

Tukapanda ndege hadi kisiwa kikubwa. Daktari akamwambia afuate kidole kwa macho, aguse pua, apitishe kisigino kwenye mguu mwingine, atembee kwenye mstari. Hapo kwenye mstari, weee! Nikageuza uso ukutani.

Wakamtoa damu, wakaipima. Majibu yakaja: ugonjwa wa Machado-Joseph. Sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo inachakaa polepole.

"Dawa ya kuuponya hakuna," daktari alisema. "Za kupunguza kukakamaa zipo. Mazoezi ya mwili, mazoezi ya kusema na kumeza, na fimbo."

"Na binti yetu?"

"Nusu kwa nusu. Kupimwa ni hiari yake."

Tulimwambia Filomena yote. Mtoto akamshika baba yake mkono.

"Baba, mchumba wangu Duarte nilishamwambia habari za babu zamani. Na kila Jumapili anakuja kumaliza nyama yetu. Huyo haondoki."

Siku ya sikukuu Germano alisimama mlangoni mwa kanisa, akasema polepole, watu wote wasikie, "Mimi si mlevi. Ni mgonjwa, kama baba yangu. Taji nitalibeba."

Akalibeba. Mimi mkono huu, Filomena mkono ule. Alipepesuka, lakini taji halikuanguka.

Wakati wa kula mkate na mchuzi wa nyama, Etelvina akanijongelea. Nikasema moyoni, leo nampasha mpaka asahau jina lake.

Akaniinamia sikioni. Macho mekundu.

"Deolinda, dada yangu, huyo daktari wenu anapatikana wapi? Mume wangu Amadeu nimemfungia pombe yote tangu Krismasi. Bado anayumba."

Maneno yote niliyomwandalia yakayeyuka. Nikamsogezea kiti.

Ndugu zangu, mtu akiyumba, kabla hujamcheka mshike mkono kwanza. Sisi kijiji kizima tulidhani tumejaa walevi.