Debe Lililomweka Kaka Nyumbani

Begi la kaka yangu lilikaa nyuma ya mlango tangu alipomaliza kidato cha nne. Lilikuwa la turubai, rangi ya kijani, na ndani yake mlikuwa na shati, suruali na vyeti vya shule vilivyofungwa kwenye nailoni. Hakuwa ameenda popote. Begi lilikuwa pale tu, tayari, na mama kila akifagia alilisukuma kwa ncha ya ufagio bila kuligusa kwa mkono, kama mtu anayemsogeza nge.

Huo ulikuwa mwisho wa miaka ya tisini, Garissa. Baba alikuwa Bura na mbuzi waliosalia baada ya mafuriko, na mjini tulibaki watatu: mama, kaka, na mimi niliyekuwa nimeshindwa kuendelea na shule lakini sikuwa nimeshindwa kubishana. Vijana wengi wa rika la kaka walikuwa wamepatwa na buufis. Hilo ndilo jina letu la ule ugonjwa wa kutamani ng'ambo, mpaka mtu anaketi mbele yako, anakula chakula chako, na wewe unajua kabisa kwamba hayupo. Mama alikuwa amewaona dada zake wakipoteza wana kwa njia hiyo. Wengine walipiga simu baada ya miaka. Wengine hawajapiga hadi leo. Kwa hiyo kila alipomaliza kuswali alinyoosha mikono na kuomba jambo moja, kwa sauti, ili Mungu asikie na kaka naye asikie: begi lile lisitoke mlangoni.

Siku moja alitutuma tukanunue jiko. Ofisi moja ya misaada ilikuwa ikiuza vitu vyake vikuukuu, na watu walisema majiko ni mazuri. Nilifuatana na kaka ili nisaidie kubeba. Uani palikuwa na viti vya miguu mitatu, mahema yaliyooza, na kwenye kona, chini ya turubai, kompyuta mbili zilizojaa vumbi mpaka hujui rangi yake. Kaka alisimama. Shuleni kwao kulikuwa na kompyuta moja, chumba chake kikifungwa kwa kufuli, na yeye alikuwa ameiona kupitia dirishani tu.

"Hiyo imekufa, ndugu," karani, mtu wa bara, alimwambia. "Hata hiyo nyingine imekufa."

"Imekufa wabi?" kaka akajibu kwa kile Kiswahili chetu Wasomali. "Bwana, wewe nibatie tu yote mbili. Mimi natafuta fitu ya ndani."

Karani alicheka, nami nikaona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Tulirudi bila jiko. Mama alizitazama zile kompyuta mkokotenini, akamtazama kaka, kisha akaniuliza mimi, eti kwa kuwa ndiye mwenye akili: "Hii inapika wali?" Jioni ile alipikia mafiga ya mawe, akiyasukuma kwa hasira, na kila mwiko ulipogonga sufuria tulijua unamgonga nani.

Kompyuta moja ilikuwa na ile bodi kubwa ya kijani nzima, lakini diski yake ilikuwa imekufa. Nyingine ilikuwa na diski iliyozunguka vizuri na bodi iliyoungua. Masanduku yake yote mawili yalikuwa yamebondeka na kuliwa na kutu. Basi kaka alichukua madebe ya mafuta ya msaada, yale ambayo watu walikuwa wakiyakunjua kutengenezea milango, akayapiga nyundo yakanyooka, akaunda sanduku. Maandishi ya msaada yalibaki ubavuni, kichwa chini. Mimi nilikata ndara kuukuu vipande vidogo, nikavitia chini ya bodi ili isigusane na bati, kwa sababu tulikuwa tumeshapigwa shoti mara moja na hatukutaka mara ya pili. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, kwa hiyo kazi ya kuchomeka vitu vidogo ikawa yangu. Nasema hivi kwa sababu kaka, akisimulia, husema "niliunda".

Abti, mjomba wetu aliyekuwa na duka Nairobi, alitutumia vijiti vya memori kwa basi, vimefungwa ndani ya soksi, pamoja na flopi za michezo. Skrini tuliipata kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akiitumia kuwekea redio. Haikuwa na rangi. Katika mchezo wa kandanda timu zote zilivaa kijivu, nasi tuligombana vibaya mno juu ya nani kafunga, mpaka tukakubaliana kwamba anayeshambulia upande wa mlango ndiye mimi. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kila umeme wa mji ulipokatika, nao ulikatika upendavyo, kompyuta ilisahau kila kitu, hata kwamba ina diski. Ilibidi kuiandikia upya tarakimu za diski hiyo. Kaka alizisoma kwa sauti kila mara, nami nikiandika. Baada ya muda tukikwama, mama, ambaye hajasoma hata siku moja, alizikariri kutoka jikoni kwa lahani ile ile anayosomea sura fupi, bila kukosea.

Hapo nilijua ameshaingia.

Alikuwa ameanza kwa kuiita debe la shetani. Alisema inakula umeme na inakula macho. Lakini mama ni mtu wa kuangalia, na alichoangalia hakikuwa skrini. Alimwona kaka akiamka mapema. Alimwona akicheka. Vijana wa bula letu, yaani mtaa wetu, walianza kuja alasiri, wakivua viatu mlangoni kama wanaoingia msikitini, wakingoja zamu zao kwenye mchezo wa magari, na kaka akawa mtu wa kuulizwa mambo: hii inaingia wapi, hii inasema nini. Mazungumzo ya njia, ya nani kafika wapi na nani kakwama mpaka gani, yalipungua. Kisha siku moja ya upepo mkali, vumbi jekundu likipenya kila ufa, kaka alikwenda nyuma ya mlango, akalimwaga begi lake kitandani, akalikata kwa mkasi kufuata mishono. Turubai lile akanipa nilishone liwe kifuniko cha kompyuta.

Mama alisimama mlangoni, kitambaa cha kupangusia vyombo mkononi, akatazama mkasi ukipita. Alikwenda uani, na nilipotoka kuchukua uzi nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia na kutabasamu kwa pamoja. "Usimwambie," akanionya. Nami nilifurahi kiasi kwamba nilishona kifuniko kile kwa mishono midogo kuliko ya nguo yangu ya Idi.

Tangu siku hiyo debe likawa mwana wa nyumba. Na mwana wa nyumba, kwa mama, lazima afukizwe.

Kwetu, alasiri inapokwisha, mwanamke wa nyumba huweka makaa kwenye chetezo cha udongo, dabqaad, akatia uunsi. Si ubani mtupu. Mama aliupika mwenyewe: sukari aliyoichemsha mpaka ikawa rangi ya kahawia, akaitia sandali, manukato na vitu vingine ambavyo hakuwahi kuniambia vyote, akaimimina ikaganda, akaivunja vipande. Alifukiza nguo, mashuka, nywele zake, shuka za wageni. Alimfukiza hata mtoto mchanga wa jirani ili jicho la watu lisimpate. Sasa akaanza kuleta chetezo mezani, akakiweka mbele kabisa ya kompyuta, na hapo kukatokea jambo lililomshangaza hata yeye. Moshi haukupanda juu. Ulijipinda, ukaingia kwenye matundu ambayo kaka aliyatoboa kwa msumari upande wa mbele, mwembamba na mtiifu, na baadaye ukatokea nyuma kwenye feni.

"Mashallah," mama akasema. "Tazameni, inavuta yenyewe. Inaupenda."

Tulicheka sote. Kaka akaeleza habari ya feni, kwamba inavuta hewa mbele na kuitoa nyuma ili mle ndani kupoe. Mama alimsikiliza kwa adabu kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza mvua inatoka wapi. Tangu hapo alifukiza kila siku, na kwa moyo mkunjufu zaidi, kipande kikubwa kuliko alichowatilia wageni.

Watu huniuliza, hata mimi hujiuliza, ilikuwaje hatukuona. Kaka alikuwa mkali kuhusu moshi. Aliwafukuza wavuta sigara. Aliyahamisha mafiga ya mama mbali na dirisha, na mama akakubali. Lakini kwetu uunsi si moshi. Moshi ni wa kuni, wa sigara, wa lori. Uunsi ni harufu ya nyumba iliyo salama. Ungemwambia yeyote wa bula letu kwamba uunsi unaweza kuharibu kitu angekutazama na kukuuliza kama umekula.

Kwanza flopi zilianza kukataa kusomeka. Kisha feni ikawa inaguna asubuhi kabla ya kuzunguka, na kaka akawa anaisukuma kwa kijiti cha kiberiti. Tukalaumu joto. Garissa daima kuna joto la kulaumu. Halafu alasiri moja, vijana wakiwa wamekaa zamu, feni ilinyamaza na hatukusikia kwa kelele za mchezo. Skrini ikawa nyeupe, ikajikunja, ikazimika. Kukatoka harufu ya kuungua, na chini yake harufu nyingine, tamu.

Kaka alifungua debe. Ndani mlikuwa mweusi. Bodi yote, nyaya zote, mapanga ya feni, vyote vilikuwa vimepakwa utando wa kunata, na vumbi jekundu la Garissa limegandia juu yake likawa udongo kabisa. Alipitisha kidole, akanusa. Kisha akakinyoosha kwangu. Sikuhitaji kusogea. Ilikuwa harufu ya Idi, harufu ya mashuka, harufu ya shingo ya mama.

Tulitazamana. Uani mama alikuwa akipuliza makaa.

Aliingia na chetezo mkononi, akaona debe liko wazi. "Imekufa na nini?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Kaka akaniwahi. "Vumbi, hooyo," akasema. "Ni vumbi tu."

Tulijaribu. Tulinunua spiriti na pamba kwenye duka la dawa, tukaisafisha bodi siku nzima mpaka vidole vikapauka, nami nikitoa ule utando mweusi kwa sindano kati ya miguu ya chipu moja moja. Haikuwaka. Abti alisema Nairobi bodi kuukuu zipo, asubiri tu. Kaka alisema sawa, sawa, lakini nilikuwa nimeshaiona ile sura, ya mtu aliyeketi mbele yako na hayupo. Vijana wakaja alasiri chache kwa mazoea, wakakaa, na kwa kuwa hapakuwa na mchezo wakazungumza habari za njia.

Sisemi kwamba moshi ndio uliompeleka ng'ambo. Pengine debe lilimchelewesha tu. Lakini nilimkasirikia, na bado namkasirikia, kwa kuwa bodi nyingine ingepatikana na mama mwingine hatapatikana. Aliondoka asubuhi kwa basi la Nairobi. Hakuwa na begi. Vyeti vyake na shati vilikuwa kwenye mfuko wa nailoni wa dukani, na mama, alipouona mfuko ule, aligeuka akatazama kifuniko cha kompyuta, kisha akatazama chini.

Alifika, alhamdulillahi. Sasa anapakia mizigo kwenye ghala katika nchi ya baridi, ana watoto ambao mama amewaona kwenye picha. Akinipigia, katikati ya habari nyingine, huuliza, "Hooyo bado?" Namjibu bado. Naye husema, "Mwache."

Kwa maana debe lipo. Liko pale pale mezani, chini ya turubai la kijani lenye mishono yangu. Mama amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini makaa yakiiva huniita nimletee chetezo, anafunua kifuniko, anakiweka mbele ya yale matundu. Feni haizunguki tena, kwa hiyo moshi hauingii. Unapanda tu juu kama moshi mwingine wowote. Yeye huungoja.

Juzi alisema kitu ambacho hakuwahi kukisema. Alikuwa ameshika chetezo kwa mikono miwili, hakunitazama.

"Zile siku za mwisho nilikuwa mvivu," alisema. "Sukari ilikuwa haba, nikawa natia vipande vidogo. Vumbi likapata njia. Ningefukiza zaidi, isingekufa, naye angekaa."

Miaka yote hii nilidhani siri ile tunamfichia ili asijue kwamba ni yeye. Kumbe alijua ni yeye, siku zote, kwa sababu nyingine. Ningeweza kumwambia ukweli, lakini ukweli wenyewe ungemtoa kwenye kosa dogo ukamtia kwenye kubwa. Nikamwambia hapana, hooyo, ulifukiza vya kutosha. Hakuniamini. Akaniambia makaa yanapoa, niongeze, nami nikaenda nikaongeza.