Mbuzi wa Cucu na Vifo vya Nchi za Watu

Mwaka ule wa korona nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya takwimu, na kazi sina. Nikarudi Kiritiri kukaa na cucu, mama yake baba, nikajipa kazi mwenyewe: kuogopa. Kila jioni nilitoa tarakimu kwenye simu na kuzijaza kwenye daftari la miraba. Waliokufa juu, waliopatikana na ugonjwa chini, gawanya, zidisha kwa mia. Kisha nazipanga nchi kutoka iliyofanya vibaya hadi iliyo afadhali, kama matokeo ya mtihani.

Zilinitesa zaidi nchi mbili zinazopakana. Hewa moja, milima ile ile, lakini katika moja ugonjwa uliua zaidi kuliko katika nyingine, tena si kidogo. Nikafikiri ni baridi. Nikafikiri ni jibini. Siku mbili nzima nilifikiri ni jibini.

Cucu naye alikuwa na lake. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na baada ya kungoja karibu mwaka alikuwa amepewa siku ya upasuaji hospitalini kule Nkubu. Siku ilipokaribia, nikaanza kumsomea daftari.

"Cucu, tuahirishe. Wazee ndio wanakufa sana."

"Wazee wa wapi?"

"Wa kila mahali. Lakini kuna mahali wanakufa zaidi."

"Sikia, mume wangu." Nimepewa jina la babu, kwa hiyo kwa desturi yetu mimi ni mume wake, na hunigombeza kama mume. "Nikiahirisha nitakuwa kipofu. Hilo daftari lako limeandika vipofu?"

Halikuwa limeandika.

Nikaona nimweleze asilimia kwa mambo anayoyajua. "Mwaka jana mbuzi walipougua mapafu, wako walikufa wangapi?"

"Mbuzi hawahesabiwi! Unataka waishe?"

Nilijisahau. Kwetu mifugo haitajwi kwa idadi, wala watoto. Ni kuwaitia balaa. Cucu anawajua mmoja mmoja: mwenye sikio lililochanika, mwekundu mwenye kiburi, yule anayekula leso.

"Basi tuchukue wa jirani," nikasema.

"Jirani aliita daktari wa mifugo wakati mbuzi wake wawili hawawezi kusimama. Wote wawili wakafa."

"Kwa hiyo kwake kila aliyeugua alikufa."

"Wee! Na wale waliokohoa wakapona, nani aliwaandika? Boma lake si limejaa? Mimi mbuzi akipiga chafya tu, naita daktari. Ukimuuliza daktari, mimi ni hodari na jirani ni muuaji. Na ugonjwa ulikuwa ule ule."

Hilo lilikuwa somo la mwaka wa pili, tena nililipita vizuri. Namba yangu ya chini haikuwa wagonjwa wote, ilikuwa wale tu waliopimwa. Nchi inayopima wanaobebwa kwa machela tu itaonekana kama machinjio, na inayopima hata wanaopiga chafya itaonekana hodari. Sijataja bado nani ana wazee wengi, na nani anaandika vifo vya nyumbani. Nilikuwa nikilinganisha namna za kuhesabu, nikidhani nalinganisha ugonjwa. Jibini halikuwa na hatia.

Hata hivyo, hayo hayakumpunguzia Cucu miaka. Bado ningeweza kumpeleka akaambukizwe. Basi nikapiga simu hospitalini na kuuliza kitu ambacho hakikuwa daftarini: siku hiyo watu watakaa wapi?

"Nje, kwenye hema," muuguzi akajibu. "Mnaitwa wawili wawili. Vaeni barakoa na msichelewe."

Tukaenda kwa pikapu ya jirani, madirisha wazi, Cucu akilalamika kwamba baridi ya Nkubu itamuua kabla ya korona. Nilimmiminia kitakasa mikono hadi akauliza kama nataka kumtoa ngozi. Jicho la kulia likatengenezwa.

Siku tatu baadaye, jioni, akasimama mlangoni pa boma mbuzi wakiingia. Lazima niseme kwamba wakati haoni vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nikiwafungia, na kila jioni niliwahesabu kimoyomoyo, kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Hawakuwahi kupungua hata mmoja.

"Huyu ni wa nani?" Cucu akauliza.

"Ni wako."

"Huyu si wangu. Wangu wa kula leso yuko wapi?"

Alikuwa kwa jirani, amenenepa, katikati ya mbuzi wake. Yeye na yule mgeni walikuwa wamebadilishana boma, idadi ikabaki ile ile, hatukujua tangu lini. Jirani hakuwa amegundua. Yeye pia hahesabu.

Tulipokuwa tukimvuta kurudi nyumbani, Cucu akasimama, akanisogelea usoni.

"Ulikuwa unawahesabu?"

"Hapana, Cucu."

Akaniangalia kwa lile jicho jipya, polepole, kama anayesoma.

"Mume wangu, sasa naona. Hata ukidanganya, naona."