Mistari ya Lavenda

Desemba ya mwaka 2017 rafiki yangu, fundi cherehani Mkongo tuliyepanga naye nyumba moja mtaa wa Bellevue, Johannesburg, alipata nafasi ya kuuza aproni zake za kitenge kwenye tamasha la maua ya lavenda, katika shamba la mji mdogo nje ya jiji. Aliniomba nimsindikize kwa sababu Kiingereza kilimpiga chenga, na mimi nilikuwa na gari la mume wangu. Shule zilikuwa zimefungwa, nikamchukua na binti yangu wa miaka saba.

Mwenye shamba alitupokea getini. Alikuwa mzungu mnene, uso mwekundu kwa jua. Akalichungulia gari, akatutazama sisi.

“Nani kawaalika?”

Nikamtajia mteja wa rafiki yangu aliyempa nafasi ile. Alitupeleka mwisho kabisa wa uwanja, mbali na wauzaji wengine, pale mistari ya lavenda ilipoanzia. Mimi nimezaliwa na kukulia Morogoro, na neno kaburu nilifundishwa kabla sijamwona hata mmoja. Asubuhi yote alipita mbele ya meza yetu, anatazama, anakwenda, anarudi.

“Dada, huyu mtu anatulinda kama wezi,” rafiki yangu alisema.

“Uza aproni zako,” nikamwambia.

Watu walikuwa wengi. Wanawake wenye kofia pana walipiga picha, muziki ulilia kwenye jukwaa, na kila ua lilivuma nyuki. Binti yangu alikuwa amechuchumaa kando ya mstari wa kwanza akichuma vijiti vya lavenda. Nikamsikia akipiga kelele mara moja. Alikuja mbio ameshika shingo.

“Nyuki, mama.”

Nikautoa mwiba kwa ukucha, nikamwambia apunguze deko. Nilikuwa bado nafungua chupa ya maji nimwoshe nilipoona mabaka yakimpanda kutoka shingoni kwenda mashavuni, mekundu, yanaungana. Midomo ikaanza kuvimba. Kisha nikasikia pumzi yake. Ilikuwa inapiga filimbi.

Rafiki yangu alipiga yowe la Mungu wangu. Nilimbeba mtoto nikakimbilia gari, na pale nikaona kwamba magari ya wageni yalikuwa yamepangwa nyuma yetu mpaka getini. Hakukuwa na pa kupita. Nikaanza kupiga honi kama mwendawazimu. Watu wakageuka. Mwanamke mmoja akaweka kidole mdomoni mwake kunionyesha ninyamaze, jukwaani walikuwa wanaimba.

Yule mwenye shamba akatokea anakimbia. Nilidhani anakuja kunifokea. Akamtazama mtoto usoni, akanyoosha mikono.

“Nipe.”

“Sikupi!”

“Basi panda naye. Haraka, mama, haraka!”

Bakki yake, pikapu ya shamba, ilikuwa imeegeshwa nyuma ya jukwaa. Alipoiwasha niligeukia getini. Yeye akakata usukani upande wa pili, akaingia katikati ya lavenda. Hakufuata njia kati ya mistari. Alikata shamba kwa mshazari kuelekea barabara ya lami, na vichaka vikawa vinavunjika chini yetu, vinapiga mlango, harufu imejaa mle ndani mpaka nikaichukia. Mwishoni kulikuwa na uzio wa waya. Hakusimama. Tuliupitia.

“Ongea naye,” aliniambia. “Asilale.”

Nikaongea. Sijui nilisema nini. Nakumbuka macho ya mwanangu yaliyobaki mistari miwili, na kifua kinavyopanda bila hewa kuingia.

Zahanati ilikuwa karibu na kanisa la mji. Muuguzi alimwona tu mlangoni, hakuuliza jina wala vitambulisho ambavyo nilikuwa nimeviacha mezani. Alimchoma sindano ya paja palepale, juu ya suruali. Nilimtazama mwanangu nikiwa nimeacha kupumua mimi. Kisha akakohoa, akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Mwenye shamba alikuwa ukutani, kofia mkononi. “Anapumua?” aliuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akatoka nje.

Walitushikilia mpaka jioni wamwangalie. Rafiki yangu alikuja kutuchukua na gari letu. Aliniambia muziki haukukatika hata dakika, na kwamba wageni walikuwa wameingia kwenye njia iliyopasuliwa na bakki wakipigana picha, wakidhani imetengenezwa kwa ajili yao. Tulipita shambani nimshukuru yule bwana. Tulimkuta kwenye uzio uliokatika, mkewe anamfokea kwa lugha yao, anaonyesha vichaka. Niliteremka, nikasema asante, nikarudia. Hakujua pa kuweka mikono.

“Mtoto akale,” alisema, akarudi kuvuta waya.

Njia nzima aliendesha rafiki yangu. Nilikaa nyuma, kiganja kifuani pa binti yangu, nikihesabu pumzi. Hata tulipofika kwenye robot ya kwanza ya jiji, taa za barabarani zikiwa nyekundu, sikukiondoa.

“Mama,” akasema, “unanibana.”