Siku Walizofunga Kabusa

Tangu mafuriko ya Aprili, cherehani ya Mama Geneviève ilikaa juu ya boriti za nyumba, imefungwa kamba kama mbuzi wa sokoni. Mwenyewe hakushona hata kifungo. "Nitaiteremusha siku mutoto yangu ataniambia saa ya maji," alimwambia kila aliyeuliza.

Mtoto huyo ni Bénédicte, fundi wa hesabu za maji katika ofisi ndogo hapa Walikale. Kazi yake ni kuutengeneza mto ndani ya kompyuta: unaipa mvua iliyonyesha vilimani, nayo inakuambia kijito cha Kabusa kitajaa saa ngapi huko chini kwa mama yake. Ila kompyuta haizaliwi ikiijua Kabusa. Lazima urekebishe namba, ardhi inakunywa kiasi gani, inaachia maji upesi au polepole, mpaka mto wa hesabu uende sawa na vipimo ambavyo Papa Sébastien amevisoma mtoni kila asubuhi na jioni kwa miaka mitatu. Jaribio moja lilichukua saa kumi na tisa, kwa umeme wa jua. Hapo hubahatishi ovyo.

Alikuwa amejaribu mara kumi na moja. Mara zote, mafuriko ya Aprili yalifika kwenye hesabu kwa kuchelewa saa tisa nzima, maji yakiwa yameshaingia nyumbani kwa mama yake. Kiangazi ndicho kilichovuruga mambo: vipimo vilionyesha Kabusa ikikauka ghafla, kisha ikiruka juu bila tone la mvua. Ili kufuata vituko hivyo, kompyuta iliamini ardhi inameza maji na kuyang'ang'ania. Bénédicte alishaanza kumnung'unikia Papa Sébastien, kwamba anaandika akiwa kitandani. Masikini mzee wa watu!

Jumamosi mchana betri zilibaki na nguvu ya jaribio moja tu. Jumatatu asubuhi Papa Edmond, mkuu wa ofisi, angeamua kama hesabu hizo zitatumika kuonya watu au vifaa vihamishiwe mto mwingine. Ndipo Mama Geneviève alipoingia na visamaki vilivyofungwa kwenye majani.

"Kula, unakondea mu mashini. Jana tulifunga Kabusa na bamama benzangu."

Bénédicte alibaki na samaki mdomoni. Kufunga Kabusa! Matope na majani kukatisha maji, kuchota mpaka chini pakauke, kuokota samaki na kaa, kisha kubomoa ukuta na maji yanaondoka kwa kishindo. Yeye mwenyewe alichota hivyo utotoni, akasoma vitabu vyote vile akasahau.

"Mama! Munafunganga siku gani?"

"Kila jua kali, siku ya tano, kisha kazi ya shamba. Unauliza sababu gani? Weye njo ulikuwa unaanguka mu matope!"

Alifungua vipimo vya kiangazi. Ijumaa. Ijumaa. Ijumaa tena! Papa Sébastien hakudanganya hata siku moja. Alizitoa siku zote za kufunga, akarudisha namba za ardhi mahali palipoeleweka, na saa nane akaianzisha kompyuta huku akicheka peke yake.

Jumapili alitoka kanisani kabla ya baraka, viatu mkononi. Kwenye kioo cha kompyuta mistari miwili, wa hesabu na wa vipimo, ilipanda Aprili bega kwa bega. Tofauti: dakika arobaini. Alipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amefiwa.

Akampigia mama yake. "Mama, mvua ikinyesha kule juu, nitakuambia masaa sita mbele maji ifike kwako!"

 Akasikia kiti kikiburutwa, na sauti ya mama yake ikimwita kwa nguvu kijana wa jirani: "Jean-Luc! Kuya unikamatiye hii kamba."